Pasnipi Upande wa Pili

Mbegu ya pasnipi haina uzito wa kujivunia:
gamba la samaki, bapa, kavu,
ukipumua vibaya imekwenda.
Pakiti ilinionya. Sikusikia.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, wodi ya wazee,
mwezi wa Machi, upepo ukishuka mlimani Treorci
kama mtu aliyesahau kitu jikoni,
nikafungua kiganja.

Robo ya mbegu iliingia mferejini.
Zilizobaki ziliuruka ukuta wa mawe
zikatua kwa Dilwyn Pugh.

Dilwyn Pugh hupanda vitunguu kwa uzi na rula.
Dilwyn Pugh hajanisemesha tangu mwaka wa paka.
(Paka alikuwa wangu. Miche ya kabichi ilikuwa yake.)
Nikachuchumaa chini ya ukuta kama mwizi
nikafukia nilichobakiwa nacho,
nikachomeka figili katikati ziwe vigingi,
maana figili huota kwa siku tano
na pasnipi huota ikitaka.

Wiki ya kwanza, figili.
Wiki ya pili, figili na konokono.
Wiki ya tatu Nerys, mwanangu, miaka saba,
alifukua kwa kijiko cha chai aone kama zimekufa.
"Zimelala," nikamwambia.
"Kama wale wazee wako?"
Ilikuwa saa moja asubuhi.
Jibu la saa hiyo sikuwa nalo.

Subira huvuta heri, wanasema.
Urefu wa kamba hawausemi.

Siku ya ishirini na sita:
vijani viwili vyembamba, kisha viwili vingine.
Nikahesabu kwa kidole,
kama mwalimu anayepandisha watoto basini.
Kumi na moja.
Nikarudia. Kumi na moja vilevile.

Upande wa pili sikuthubutu kuchungulia.
Kila Jumamosi nilisikia jembe la Dilwyn,
chwe, chwe, likikata magugu,
na kila chwe ilinipita mbavuni.

Kiangazi kilikuja, kikakaa alasiri mbili, kikaondoka.
Oktoba nikachimba moja kwa pupa:
haina ladha, kama kutafuna kadibodi.
Tena zangu zilikuwa zimekutana na mawe huko chini
zikaota miguu.
Moja ilivaa suruali.
Moja ilikuwa imekunja nne, imetulia,
kama inayosubiri kuletewa chai.
Nerys aliivika soksi za mwanasesere
akailaza juu ya dirisha, akaipa jina, Blodwen,
na Blodwen hakuliwa kamwe.

Halafu Desemba. Sakitu.
Ardhi ikagoma hata kwa uma wa chuma.
Huko chini, gizani, pasnipi inapoona baridi haikimbii;
inavunja wanga wake kidogo kidogo iwe sukari,
na sukari ndiyo koti lake.

Mlango ukagongwa.
Dilwyn Pugh, kofia mkono huu, ndoo mkono ule.
Ndani ya ndoo, kumi na nne,
ndefu toka kiwiko changu hadi kidole,
nyeupe, zimenyooka, hazina hata mguu mmoja wa ziada.

"Zako," akasema. "Ziliota kwenye vitunguu."
"Si ungezing'oa."
Akavitazama viatu vyake muda mrefu.
Vilikuwa na udongo ulioganda, na kamba za rangi mbili.
"Nilisogeza uzi," akasema.

Nikasema tanuri limeshapata moto.
Akasema hawezi kukaa. Akakaa.
Tulizikata vidole vidole, mafuta, chumvi, asali kiasi,
Nerys akamuuliza habari za paka, mbele yangu, bila haya,
naye akamjibu: "Kabichi zenyewe zilikuwa mbaya."

Mlangoni akageuka.
"Moja nimeiacha ardhini, itoe maua.
Mbegu za mwaka jana hazioti, unajua."
Nilijua. Pakiti ilisema.
"Na Machi, upepo ukivuma," akavaa kofia,
"simama kushoto kidogo.
Karibu na kibanda udongo ni laini zaidi."